CodeIgniter 3 ilivyofumua sesheni za databesi: kisa cha kufuli

Kama umeandika PHP miaka ya 2010 kuja huku, CodeIgniter, fremiweki ya PHP, lazima umeigusa, maana ilikubali hosti yoyote ya cPanel ya bei chee, unapandisha folda kwa FTP, unajaza paswedi ya databesi, kazi imeanza. Na kama uligusa toleo la 2 na ukaweka sess_use_database kuwa TRUE, yaani sesheni (kumbukumbu ya seva ya nani amelogini) zikae kwenye databesi, kuna kilio kimoja ulikisikia kwa mteja: mtu amelogini vizuri, anaendelea na kazi zake, ghafla anatupwa kwenye ukurasa wa logini. Haimtokei kila mtu, haitokei kila siku, na ukikaa wewe kujaribu haitokei kabisa.

Wengi wakalaumu hosti, wengine wakalaumu bando la simu. Mara nyingi kumbe ni kodi ya sesheni yenyewe, na ilikuwa inafanya vile kwa nia njema kabisa, inajaribu kukulinda. Toleo la 3.0 lilipotoka tarehe 30 Machi 2015, laibrari nzima ya sesheni ilikuwa imefumuliwa na kuandikwa upya, na sehemu ya databesi ndo yenye mambo mengi ya kuangalia kwa hiyo nitakaa nayo hiyo. Ukisikiliza watu wanavyoielezea utadhani walichofanya ni kubadilisha jina la kolamu na kuhamia $_SESSION. Mimi naona kazi halisi ilikuwa moja tu, kujibu swali la nani ameshika sesheni wakati rikwesti mbili za mtu mmoja zinakimbia pamoja, swali ambalo toleo la 2 halikuwahi kujiuliza.

Ilivyokuwa kwenye toleo la 2

CodeIgniter 2 (CI 2) haikutumia sesheni za PHP hata kidogo. Ilikuwa na klasi yake, CI_Session, ambayo ukiiacha ilivyo inageuza data zako kuwa maandishi na kuzitupa zote kwenye kuki ya brauza, yaani una kama KB 4 tu za kuchezea. Ukiwasha databesi kuki inabaki na vitu vinne, session_id, ip_address, user_agent na last_activity, halafu vitu vyako wewe vinahamia kolamu ya user_data kwenye jedwali la ci_sessions. ID yenyewe ilipatikana kwa kuunganisha namba za kubahatisha za mt_rand mpaka zifike herufi 32, inabandikwa IP ya mtumiaji, inapitishwa uniqid kisha md5. Leo hakuna anayepaswa kutengeneza ID ya sesheni kwa mt_rand, lakini wakati ule ilipita.

Sasa njoo kwenye sess_time_to_update. Kila baada ya sekunde 300 laibrari inabadilisha ID, na sababu ni nzuri, mtu akiiba kuki yako isimfae muda mrefu. Inafanyaje? Inatengeneza ID mpya, inaapdeti mstari uleule kwenye jedwali kutoka ID ya zamani kwenda mpya, inatuma kuki mpya kwa brauza. Ukiwa na rikwesti moja moja hapo hakuna shida yoyote.

Chukua dashibodi ya duka inayoita seva mara tatu kwa ajaksi, yaani rikwesti za chinichini bila kupakia ukurasa upya: moja inaleta taarifa mpya, moja salio, moja orodha ya mauzo. Zote tatu zinaondoka kwenye brauza kwa mpigo na zote zimebeba ID moja, tuiite A. Dakika tano zimeshapita. Rikwesti ya kwanza inafika, inasoma mstari wa A, inaona muda umefika, inageuza A kuwa B na kutuma kuki ya B. Ya pili inafika na A yake mkononi, inauliza databesi WHERE session_id = A, inajibiwa hakuna mstari kama huo. Kodi inafanya nini? Inaita sess_destroy, halafu sess_create, yaani inamtengenezea mtu huyo sesheni mpya tupu na kumtumia kuki yake, tuiite C. Ya tatu vilevile, anapewa D. Brauza inabaki na kuki iliyofika mwisho. Ikifika mwisho ya B mtumiaji hajui kama kuna kilichotokea, ikifika mwisho ya C au D basi ametoka nje ya mfumo. Ndo maana ukijaribu mwenyewe huoni kitu, inabidi ubofye kwenye kale kasekunde ambako dakika tano zimetimia na rikwesti zaidi ya moja ziko njiani.

Watu wakaanza kujitibu wenyewe kwa kuandika MY_Session inayoangalia is_ajax_request na kuruka kubadilisha ID kama rikwesti ni ya ajaksi. Ilipunguza, haikumaliza. Ukurasa wa kawaida ukibadilisha ID wakati ajaksi ya ukurasa uliopita bado iko njiani na A, unarudi palepale. Wengine wakaipandisha sess_time_to_update hadi namba kubwa kabisa, yaani wameuzima ulinzi wenyewe ili mteja aache kupiga simu.

Na hilo ndo tatizo linaloonekana, kuna la pili halipigi kelele. Kila rikwesti inasoma user_data nzima, inabadilisha kipande, inaandika user_data nzima. Rikwesti mbili zikisoma pamoja, moja ikaongeza unga kwenye kikapu na nyingine ikaongeza sukari, atakayeandika mwisho anafuta alichoandika mwenzake. Ni kama daftari la madeni la duka ambalo wauzaji wawili kila mmoja amelinakili nyumbani kwake na jioni kila mmoja anarudisha nakala yake kama ndo daftari lenyewe. Hakuna kosa kwenye logi, kikapu kina sukari tu, mteja anadhani alisahau kubofya.

Walichoandika upya

Toleo la 3 lilikubali kitu ambacho toleo la 2 lilikikwepa, kwamba PHP yenyewe ina mfumo wa sesheni na unaruhusu uweke mhifadhi wako kwa SessionHandlerInterface, iliyokuja na PHP 5.4. Kwa hiyo kuki inabeba ID tu, data zinakaa $_SESSION, na laibrari inakuwa na draiva nne: mafaili, databesi, Redis na Memcached. Kila draiva inajibu maswali yaleyale sita, open, read, write, close, destroy na gc (usafishaji wa sesheni zilizokwisha muda). Wakati toleo la 3 likiwa bado jikoni kulikuwa na muundo mwingine, wenye draiva ya kuki na draiva ya sesheni za PHP, huo wakauacha kabla toleo halijatoka. Naona walifanya la maana, maana ule ulibeba kodi ya zamani ndani ya nguo mpya.

Jedwali jipya ni jembamba: id, ip_address, timestamp, data. Kolamu ya user_agent imetoka, na hakuna wa kuililia, brauza ikijiapdeti tu ilitosha kukutoa nje kama ulikuwa umewasha kulinganisha. Data ni BLOB, kolamu ya data ghafi, kwenye MySQL. Kwenye PostgreSQL wakaona kuhangaika na bytea, kolamu yake ya data ghafi, ni kujitafutia maumivu, wakageuza data kwa base64 na kuiweka kwenye TEXT. Wapo waliocheka uamuzi huo, mimi siucheki, kazi inakwenda.

Kazi yote iko kwenye read. Kabla haijasoma chochote inaita _get_lock. Kwenye MySQL hiyo ni kweri moja: SELECT GET_LOCK, jina la kufuli ni md5 ya ID ya sesheni (na IP ikiunganishwa kama umewasha sess_match_ip), muda wa kusubiri sekunde 300. Kwenye PostgreSQL ni pg_advisory_lock ikipewa hashtext ya hiyohiyo ID. Hayo makufuli hayafungi mstari wala jedwali, ni makubaliano ya jina tu, anayelitaka jina hilo asubiri aliyelishika aliachie. Rikwesti ya kwanza inashika, inasoma, inafanya kazi, inaandika, inaachia kwenye close. Ya pili inasimama mlangoni mpaka hapo, ikiingia inasoma data iliyokwisha andikwa. Unga na sukari vyote vinabaki kwenye kikapu.

Kwa nini kufuli la jina na si kufunga mstari kwa SELECT FOR UPDATE? Kwa sababu kufunga mstari kunataka transaksheni (kundi la kweri linalokubaliwa kwa commit au kufutwa kwa rollback) iwe wazi muda wote wa rikwesti, na kodi yako wewe kwenye kontrola nayo inaweza kufungua na kufunga transaksheni zake kwenye koneksheni hiyohiyo, ukicommit wewe umeachia kufuli la sesheni bila kujua. GET_LOCK haijali commit wala rollback. Symfony, fremiweki nyingine ya PHP, kwenye PdoSessionHandler yao, waliyoiandika upya kwa toleo la 2.6, waliweka njia zote mbili na wakachagua ya transaksheni iwe ya kawaida. CodeIgniter walichagua moja na kufunga mjadala.

Chaguo hilo ndo linaeleza masharti mengine ambayo watu waliyaona ya ajabu. Ukiweka pconnect kuwa TRUE draiva inagoma kabisa kuanza, inarusha hitilafu. Sababu ni kwamba kufuli la GET_LOCK linakufa koneksheni inapokufa, na koneksheni ya kudumu haifi, rikwesti ikianguka katikati kufuli linabaki limeshikwa na mtu ambaye hayupo. Vilevile nyaraka zao zinasema wazi draiva ya databesi ni kwa MySQL na PostgreSQL tu, kwa sababu nyingine hazina kufuli la namna hii. Ukitumia SQLite kodi haikuzuii, ila _get_lock pale inajibu TRUE tu bila kufunga chochote, yaani umerudi toleo la 2 kwa upande huo.

Kubadilisha ID nako kukapata akili. Sasa konstrakta inaangalia kwanza kama rikwesti ina hedari ya X-Requested-With yenye XMLHttpRequest, kama ipo haibadilishi ID. Na ikibadilisha, sess_regenerate_destroy kwa kawaida ni FALSE, kwa hiyo mstari wa A haufutwi, unabaki mpaka usafishaji uupitie. Rikwesti iliyochelewa na A yake mkononi inakuta mstari, inahudumiwa, hakuna anayetupwa nje. Bei yake ni kwamba ID ya zamani inaishi muda fulani zaidi, na kwa mifumo mingi naona ni biashara nzuri. Ila sikiliza, ulinzi wa hedari ile uliandikwa enzi za jQuery, ambayo inaituma yenyewe. fetch ya brauza za leo haiitumi mpaka uiweke kwa mkono. Mfumo wako ukiwa wa CI 3 na upande wa mbele umeandikwa upya kwa fetch, ajaksi zako zinahesabiwa kama kurasa za kawaida.

PHP 7 ikaja

Kuna bagi moja napenda kuitumia kuwaonyesha vijana, kwa sababu haina kosa la kuonekana. Draiva inakumbuka kwenye _row_exists kama mstari wa sesheni upo kwenye jedwali. Upo, write inafanya UPDATE, haupo, inafanya INSERT. Inakumbuka pia md5 ya data ilivyosomwa, ili kama hakuna kilichobadilika iapdeti timestamp tu na kuacha BLOB ilivyo, jambo ambalo linapunguza maandishi mengi sana kwenye databesi.

Kwenye PHP 5 session_regenerate_id ilibadilisha ID tu na write ikagundua mwishoni kwamba ID si ile iliyosomwa. PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, inafanya tofauti, inafunga sesheni ya zamani kisha inaita read tena kwa ID mpya, na kitu kilekile cha draiva ndo kinatumika tena. Kumbukumbu ya _row_exists kutoka kwa A ilikuwa TRUE. ID mpya B haina mstari. Kama read haiirudishi kuwa FALSE kwa mkono, write inafanya UPDATE kwenye mstari ambao haupo, databesi inajibu vizuri tu, mistari iliyoguswa sifuri, na sesheni imepotea hewani. Mtumiaji anatupwa kwenye logini. Kilio kilekile cha toleo la 2, njia nyingine kabisa. Dawa ni mstari mmoja wa kodi ndani ya read, na wakauwekea maelezo marefu kuliko wenyewe ili asije mtu kuufuta akidhani ni wa ziada.

Palepale na thamani za kurudisha zikawa shida, PHP 5 kwa ndani ilisoma 0 kama imefaulu na -1 kama imeshindwa, PHP 7 ikataka TRUE na FALSE za kweli. Na PHP 7.1 ikaondoa hash_function, ambayo CI ilikuwa ikiilazimisha iwe sha1 ili ID iwe na herufi 40 kamili. Ndo maana jedwali la mwanzo lilikuwa varchar(40) na baadaye nyaraka zikasema 128. Ukikuta jedwali la zamani lenye 40 na PHP mpya, angalia hilo kabla ya kuangalia kitu kingine.

Kufuli lina bei yake

Baada ya kuhamia toleo la 3 kilio kikabadilika: mfumo mzito. Mhasibu anabofya ripoti ya mwaka, inachukua dakika mbili kutengeneza Excel, wakati anasubiri anafungua menyu nyingine kwenye tabu ya pili, haifunguki. Akifungua brauza ya faragha inafunguka mara moja. Ukiingia MySQL na kupiga SHOW PROCESSLIST unakuta koneksheni zake zimesimama na hali imeandikwa User lock. Databesi haijaelemewa na chochote, ni rikwesti zake mwenyewe zimepanga foleni nyuma ya ile ripoti.

Na inaweza kuwa mbaya kuliko hapo, kwa sababu kwenye Linux muda wa kusubiri databesi hauhesabiwi kwenye max_execution_time, kwa hiyo rikwesti inayosubiri kufuli inaweza kukaa hadi zile sekunde 300. Kila moja imeshika mfanyakazi wa PHP-FPM (mchakato wa PHP unaohudumia rikwesti) na koneksheni ya MySQL, ambayo kwa kawaida yake inaruhusu koneksheni 151. Mtu mmoja asiye na subira anayebofya F5 anaweza kuwaletea shida wenzake wote.

Dawa ipo na nyaraka zinaisema: ukishamaliza kuandika kwenye sesheni ita session_write_close(), kufuli linaachiwa, ripoti iendelee kutengenezwa taratibu. Kwenye kontrola ya ripoti unasoma user_id, unaweka kwenye variabo, unafunga, ndo unaanza kazi nzito. Mimi nawashangaa wanaosema kufuli ni kosa la usanifu na kutafuta namna ya kulizima. Kulizima ni kuchagua kikapu kinachopoteza unga kimyakimya badala ya ukurasa unaochelewa ambao angalau unaonekana.

Ninacholalamikia ni vingine. MySQL kabla ya 5.7.5 iliruhusu kufuli moja tu kwa koneksheni, ukipiga GET_LOCK nyingine kwenye kodi yako lile la sesheni linaachiwa bila neno. Ukiweka PgBouncer, programu ya kugawana koneksheni za PostgreSQL, katikati kwa mtindo wa transaksheni, kufuli la PostgreSQL linashikwa na koneksheni ambayo kweri inayofuata si lazima iipate. Pia id inakaa kwenye jedwali ilivyo, mtu akipata nakala ya databesi yako amepata sesheni za wote walio ndani muda huo. Rack, laibrari ya wavuti ya Ruby, ilipopata CVE-2019-16782 (namba ya udhaifu wa usalama uliotangazwa) walihamia kutafuta kwa hashi ya ID, na kwenye databesi hilo lisingegharimu kitu.

Usafishaji nao unawapiga watu chenga. Toleo la 2 lilikuwa na bahati nasibu yake ya asilimia 5, toleo la 3 linaitegemea PHP yenyewe kuita gc. Debian na Ubuntu kwa kawaida yao wanaweka session.gc_probability kuwa 0, kwa sababu wana kroni yao, kazi inayojiendesha kwa ratiba, ya kusafisha mafaili ya sesheni. Hiyo kroni haijui jedwali lako. Kila roboti ya kutafuta isiyobeba kuki inaacha mstari mpya kila inapopita, hakuna anayefuta, na siku moja bakapu yako imejaa ci_sessions. Pandisha namba hiyo au weka kroni yako ya DELETE kwa timestamp, indeksi yake ipo tayari kwa kazi hiyo.

Kwa ambao bado wana mfumo wa toleo la 2 na wanataka kuhama, na wapo wengi tu. Jedwali la zamani halihamishiki, tengeneza jipya na ufanye usiku kwa sababu kila mtu atatoka nje. sess_table_name sasa ni sess_save_path. sess_expiration ya 0 zamani ilimaanisha miaka miwili, sasa ni mpaka brauza ifungwe. sess_match_ip iache FALSE kama watumiaji wako wako kwenye simu, mtu akitoka waifai kwenda bando IP inabadilika. Na kabla ya yote tafuta kwenye kodi nzima kila palipoandikwa userdata ikifuatiwa na === FALSE. Zamani kitu kisichokuwepo kilirudisha FALSE, sasa kinarudisha NULL, kwa hiyo ile kontrola yako inayosema kama userdata('user_id') === FALSE mpeleke kwenye logini, baada ya kuhama haimpeleki mtu yeyote popote, asiyelogini anaingia moja kwa moja hadi ndani.